Kalameni Hana Jina

Kusuka rasta ndogo huchukua saa tano, sita ukikosa wasusi wawili. Jumamosi moja mwezi uliopita nilikaa kwenye saluni Tassia nikivutwa kichwa tangu asubuhi, simu imeisha chaji, stima zimepotea, na kitu pekee cha kusoma kikiwa Taifa Leo ya siku tatu nyuma ambayo mtu alikuwa amefungia viatu. Msusi wangu, mama ambaye hunyamaza tu akiwa ameshika uzi kwa meno, akaninyooshea kidole: "Wewe umesoma. Hebu tusomee Dondoo."

Hakusema tusomee gazeti. Siasa ya ukurasa wa kwanza hakuna aliyeiuliza. Nikaikunjua karatasi, nikasoma kisa cha kwanza, na wanawake sita waliokuwa mle ndani wakacheka hadi mmoja akatoa kichwa kwenye draya ili asikie vizuri. Nikasoma cha pili. Kufika cha tatu walikuwa wanamalizia sentensi kabla yangu, na wengi wao walipatia.

Nimeshakaa kwenye mijadala mingi ya vitabu mjini hapa, ile ya viti vya plastiki na chai ya bure, na kila mara lazima mtu ashike maikrofoni alalamike kwamba Mkenya akishamaliza fomu foo haonani tena na Kiswahili. Huyo mtu hajawahi kusukwa. Kwa macho yangu, hakuna nathari ya Kiswahili inayosomwa nchini kwa hiari, bila mtihani mbele na bila mwalimu nyuma, kama Dondoo. Na bado sijaona mtu akiichukulia kama maandishi, kwa maana ya kitu chenye umbo lake, ustadi wake na makosa yake. Tunaichukua kama njugu. Basi acha leo niichambue kama kitabu, maana ina deni langu na mimi nina lake.

Kwa wasioijua (mko wachache, na nadhani mnajifanya), ni visa vifupi vya aya tano au sita kuhusu mambo yanayotokea nyumbani, kazini, kanisani, matangani na kwenye baa. Kisa hutanguliwa na jina la mahali: Kitengela, Mtwapa, Bungoma, Mwingi. Kisha anaingia mtu asiye na jina na kufanya jambo la aibu mbele ya watu. Neno ninalolipenda kuliko yote katika umbo hili ni "hapa." Jombi wa mtaani hapa. Kidosho wa eneo hili. Msimuliaji yuko Kitengela hapa, na kwenye kisa kinachofuata yuko Bungoma hapa, kana kwamba amekaa kwenye kila kibaraza cha Kenya kwa wakati mmoja. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kujipa uwezo wa namna hiyo. Akibanwa aseme amejuaje, ana majibu tayari: yasemekana, penyenye zinaarifu, kulingana na mdokezi. Mdokezi ndiye mhusika mkuu wa Dondoo nzima, na hatujawahi kumwona uso.

Tazama tena msamiati wa watu. Wanaume wanakuja kwa aina: kalameni, jombi, polo, barobaro, ghulamu, buda, lofa, pasta. Wanawake nao: kidosho, kipusa, demu, mwanadada, mama mkwe. Neno kutoka Kiarabu limekaa kiti kimoja na neno kutoka stendi ya matatu na hakuna anayemsukuma mwenzake. Mwalimu wangu wa Kiswahili angemaliza kalamu nyekundu hapo. Mimi naona ni mojawapo ya sehemu chache ambapo Kiswahili kilichoandikwa nchini kinafanana na watu wanaokizungumza. Na kwa ugomvi, hakuna anayeishinda: sokomoko, kizaazaa, patashika, mtafaruku, vurumai, sarakasi. Ukiona lugha ina maneno mengi hivyo ya fujo moja, ujue wenyewe wanaishi ploti zenye kuta nyembamba.

Lakini yapange hayo majina pembeni uone. Mwanamume hupewa jina kwa umri au kwa mfuko. Buda ana miaka, barobaro hana. Kalameni ana pesa kidogo au anajifanya anazo, lofa hana kabisa. Mwanamke hupewa jina kwa sura. Kipusa, kwenye kamusi, ni pembe ya kifaru. Mali ya magendo hiyo, kitu watu wanaviziana porini kwa ajili yake. Sidhani kuna mhariri aliyekaa chini akapanga iwe hivyo. Ilitokea tu, kama vile mambo mengi ya aina hiyo hutokea, na kila siku inachapishwa upya.

Pahali ambapo Dondoo ina akili kuliko vitabu vyetu vingi ni kwenye kalenda. Riwaya ya Kiswahili inapenda dhoruba: vita, mapinduzi, mtoto aliyetupwa, mzee anayekata roho akiwa na siri. Dondoo inajua kwamba maisha ya mtu wa kawaida yanaendeshwa na tarehe. Mwisho wa mwezi mshahara umeingia na bibi anajua umeingia. Ijumaa jioni simu haishikwi. Jumamosi ni matanga, na kwenye matanga kuna mke wa pili. Jumapili pasta anahubiri kuhusu fungu la kumi huku akimwangalia mtu fulani. Jumatatu bosi anauliza ulikuwa wapi. Ndani yake kuna kodi, karo, pesa za chama zilizoliwa, mama mkwe aliyekuja siku mbili akakaa miezi miwili. Pesa iko kila mahali, na kiasi cha pesa kinaelezea tabia kuliko hotuba yoyote. Ukimpa mtu visa mia vya Dondoo miaka hamsini kutoka leo, atajua tulikula nini na tulidaiana nini. Sina hakika atajua hivyo kutoka kwa riwaya tulizosoma shuleni.

Sasa nitaandika moja mwenyewe, kwa kufuata sheria zote.

JOMBI ALALIA SOFA UANI MKE AKIMFUNGIA NJE

KAYOLE, NAIROBI. Jombi mmoja mtaani hapa alijipata pabaya mkewe alipomfungia nje usiku kucha na kumlazimu kulalia sofa uani. Yasemekana jamaa alifika kwenye ploti mwendo wa saa nne usiku na sofa ya watu watatu juu ya mkokoteni, ilhali mkewe alikuwa akimsubiri kwa hamu na pesa za kodi. "Sasa lala na hiyo sofa yako, na ikuzalie kodi!" mama alifoka, kulingana na mdokezi. Majirani walioamka alfajiri kuteka maji waliangua vicheko walipompata polo akikoroma, viatu amevifanya mto. Haikubainika iwapo wawili hao walipatana.

Si mbaya, eh? Niliisoma saluni siku ile kana kwamba iko kwenye gazeti, na hakuna aliyegundua. Walicheka kuliko walivyocheka zile za kweli.

Jombi ni baba yangu. Ilikuwa mwaka wa 2006, nikiwa darasa la tano, na hivyo ndivyo kisa kilivyosimuliwa kwenye ploti yetu hadi tulipohama. Sikuongeza chochote. Hata viatu kufanywa mto ni kweli.

Kilichokosekana ni hiki. Baba alikuwa fundi wa sofa kwenye karakana moja Umoja, kando ya barabara, zile za mabati na vumbi la mbao. Mwenye karakana alikuwa hajawalipa miezi miwili. Kila Ijumaa ilikuwa Ijumaa ijayo. Siku hiyo akawaita mafundi wote, akawaambia pesa hakuna, wateja wamemtoroka, basi kila mtu achague kitu kimoja aende nacho nyumbani na wasimdai tena. Wenzake walibeba meza na stuli, vitu vya kubebeka. Baba akachagua sofa, kwa sababu aliishona yeye na alijua imebaki kitambaa cha mgongoni tu. Akalipa mkokoteni kwa pesa za nauli. Kutoka Umoja hadi Kayole si mbali kwa mtu anayetembea, ila mkokoteni na sofa kwenye giza ni kitu kingine.

Mama alifoka, kweli. Mdokezi hakudanganya. Alisema lile neno la sofa kuzaa kodi, kwa sauti, na kodi ilikuwa ya miezi miwili, shilingi elfu tatu. Halafu akanyamaza, akashika upande mmoja wa sofa, na baba akashika ule mwingine, wakajaribu kuiingiza ndani. Tulikuwa na chumba kimoja na mlango wa chuma. Wakaijaribu wima, wakaijaribu kwa ubavu, wakaigeuza miguu ikatazama juu. Haikuingia. Na sofa ya watu watatu ikiachwa uani Kayole usiku kucha, asubuhi unakuta fremu. Kwa hiyo baba akalala juu yake kuilinda. Mama alimtolea blanketi. Lilikuwa langu, mimi nilijifunika leso mbili na ndiyo maana naukumbuka usiku ule vizuri. Mlango haukufungwa. Uliachwa wazi kidogo na taa ya chemli ikawekwa kizingitini, na mara kwa mara nilimsikia mama akiuliza kutoka kitandani, "Uko macho?" naye baba akijibu, "Niko."

Alfajiri majirani wakaja mferejini na mitungi yao. Jirani mmoja akacheka mpaka akakaa chini, akauliza, "Baba Nani, leo umefukuzwa?" Na baba, aliyekuwa ameamka na alama ya kamba ya kiatu kwenye shavu, akacheka naye. "Mambo ya ndoa hayo, mama," akasema. "Mtanizoea."

Nilimkasirikia kwa miaka mingi kwa jibu hilo. Niliona amemuuza mama. Sasa nimefanya kazi mahali ambapo mshahara ulichelewa wiki tatu na nikawa nawaambia marafiki kwamba niko kwenye daeti, ndiyo maana sitoki kwa chakula cha mchana. Nimemwelewa. Kuwa jombi aliyefungiwa nje na mke ni aibu ambayo kila mtu anaifahamu, ina kicheko chake, inaisha. Kufanya kazi miezi miwili ukalipwa na kiti hakuna kicheko chake. Hakuna neno lake hata kwenye orodha ile ndefu ya sokomoko na kizaazaa.

Kwa hivyo siwezi kuitupa Dondoo kirahisi. Kutotaja jina kuna huruma ndani yake. Magazeti ya udaku ya Dar es Salaam, yale ya kina Uwazi na Ijumaa, yalijengwa kwa majina na picha: msanii fulani, mke wa fulani, nyumba fulani. Dondoo inakupa kofia ya jombi na kukuacha uende. Hata mkeo akisoma anaweza asijue ni wewe, au anaweza kujifanya hajui, jambo ambalo kwenye ndoa lina thamani zaidi. Linganisha na sasa. Leo baba angeamka na kukuta amerekodiwa na watu wanne, uso mzima, na kufikia saa nne asubuhi angekuwa ameshapigiwa muziki nyuma na kutumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia ya mama. Mimi, kati ya mdokezi na simu, namchukua mdokezi.

Ila kuna mahali nilipogoma hata pale saluni. Kwenye visa hivi mtu akipigwa, hupigwa kwa maneno matamu. Anakula mangumi, anapokezwa kichapo cha mbwa, anatiwa adabu. Pasta akitiwa adabu na waumini kwa kula sadaka, sawa, nacheka. Lakini mara nyingi ni mwanamke anayetiwa adabu, na mwendo wa sentensi ni uleule, ucheshi uleule, umati uleule ukiangua vicheko. Msichana wa kazi ndiye anayeumia zaidi. Yeye huwa na mambo mawili tu ya kufanya: kumnyemelea mwenye nyumba au kufumaniwa naye. Kisha anafurushwa usiku na begi lake na kisa kinaisha getini. Binamu yangu alifanya kazi hiyo South B kwa miaka minne. Kisa chake chochote ningeweza kukiandika kwa mtindo wa Dondoo isipokuwa hatua inayofuata geti: saa tano usiku, mvua, hana nauli, anampigia nani? Mdokezi haendi huko. Umati ukitawanyika naye anarudi nyumbani kwake kulala.

Hapo ndipo naona mpaka wa umbo lenyewe. Si matusi, si uongo, ni kwamba linasimama mlangoni. Linaona kila kinachotoka nje ya nyumba: vyombo vinavyorushwa, mtu anayekimbia na taulo. Likifika kizingitini linajaza pengo kwa kitu kinachochekesha zaidi.

Mtakumbuka "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho, kwenye Tumbo Lisiloshiba, ile diwani ambayo kizazi kizima tulichofuata nyuma kilifanyia KCSE. (Mimi nilikuwa nimeshamaliza, niliisoma nikimfundisha ndugu yangu mdogo, kwa hiyo niliisoma bila woga.) Dadi anachuuza samaki kwa baiskeli. Mkewe Kidawa ni metroni wa shule, na alimwoa kwa masharti: mtoto mmoja, na kazi za nyumbani wagawane. Dadi anaingiwa na wivu juu ya mkewe na Mwalimu Mkuu, na usiku mmoja anapanda bomba kwenda kuchungulia dirishani, anaanguka. Hebu niambie kama hiyo si Dondoo. Kalameni muuza samaki aporomoka akimvizia mke. Iko na kila kitu, mpaka bomba.

Tofauti ni kwamba kabla hajafika kwenye bomba tumeshapanda baiskeli naye. Tumesikia majirani walivyomchamba kwa kupika na kufua, tumeona anavyojisemesha peke yake njiani. Anapoanguka, kicheko kinatoka nusu. Ndugu yangu aliyekuwa na miaka kumi na saba alicheka yote, na mwongozo wake ulimwambia aandike kwamba Dadi ni mwenye wivu, mwenye bidii, mwenye taasubi, alama moja kila sifa. Mwongozo ulikuwa umeirudisha hadithi kuwa Dondoo. Ulichukua mtu aliyepewa jina na baiskeli na mawazo, ukamvua vyote, ukamrudishia kofia ya jombi. Nilimwambia kijana aandike hivyo hivyo, maana alama ni alama, lakini nilikasirika.

Simwombi mhariri wa gazeti ageuze visa vya aya tano kuwa hadithi fupi. Ukurasa hautoshi na wasusi hawana siku nzima. Ninachotaka ni kutoka upande wetu, sisi tunaoandika hadithi na kuzituma kwenye majarida kama hili, tunaoona aibu kuanza na kodi. Nimesoma maandishi mengi ya wenzangu mwaka huu yakiwa na mizimu, na miji isiyo na jina, na mwanamke anayetazama bahari, na sikumbuki hata moja ambamo mtu alikuwa anangoja mshahara. Malighafi yote iko mle, imepangwa kwa tarehe na mahali, na inauzwa kwa bei ya gazeti. Msimuliaji ameshatufikisha mpaka mlangoni. Mlango hata haukufungwa.

Saluni, kicheko kilipotulia, niliwaambia kwamba yule wa sofa hakuwa kwenye gazeti, na nikawasimulia yaliyobaki: karakana, miezi miwili, blanketi. Draya ilikuwa bado haina stima, kwa hiyo kulikuwa kimya cha kusikia uzi ukipita kwenye nywele. Mama mmoja akasema "woiye" na kurudi kwenye kucha zake. Msusi wangu hakusema kitu kwa rasta mbili nzima. Kisha akauliza, "Na waliiuza ngapi?"

"Elfu nne. Asubuhi hiyo hiyo, kwa kinyozi."

"Sofa ya watu watatu?"

"Ilikuwa haina kitambaa nyuma."

"Hata kama," akasema. "Kinyozi angeisukuma kwa ukuta tu. Walimwibia." Akanigeuza kichwa upande wa pili.